Miungu ya Boksi Katika Wodi ya Kifua

Sauti yangu iliniacha katikati ya adhana ya alasiri. Nilikuwa nimefika pale tunapowaita watu waje kwenye sala. Nikavuta pumzi, nikafungua kinywa, kikatoka kitu kama upepo unaopita kwenye makuti. Waliokuwa wakitawadha wakainua vichwa. Nikajaribu tena, likawa lile lile. Mmoja wao akaja huku mikono yake inadondosha maji, akasimama ubavuni mwangu, akaimalizia. Mimi nilibaki nimeweka viganja masikioni kama mtu anayeadhini, na sisemi kitu.

Nayaandika haya kwa ajili yako uliyeambiwa wiki hii kwamba una kifua kikuu, na kwa ajili ya mwenzako anayekupikia uji. Mambo ya dawa waulize wanaoyajua. Mimi nilichojifunza ni kukaa mahali pamoja na kutoweza kitu, jambo ambalo hakuna anayekufundisha kabla halijakufika. Mwenyezi Mungu alinivusha, Naye ndiye mwenye kushukuriwa, lakini sitakudanganya kwamba nilivuka nikiwa nimesimama.

Kijiji chetu kiko mbele ya Ruaruke, upande wa kushukia delta. Nilikuwa mwalimu wa chuo, nikifundisha watoto kusoma Kurani, na nilikuwa muadhini wa msikiti wetu. Kikohozi kilianza wakati wa kipupwe, tukakiita cha baridi. Vuli ikaingia, tukakiita cha unyevu. Kaskazi ilipoingia hatukuwa tena na jina la kukiita. Msuli ulionizunguka mara moja ukaanza kunizunguka mara mbili. Mke wangu Mwanahawa alinichanganyia asali na tangawizi na habasoda, nami nikajiandikia kombe. Kwa asiyelijua, kombe ni aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani au karatasi, zikaoshwa kwa maji, na mgonjwa akayanywa maji hayo kwa nia ya shifaa. Nimewaandikia watu wengi. La kwangu aliyenishikia kikombe ni Mwanahawa, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Nililinywa lote. Kikohozi kilibaki pale pale.

Wazazi wakaacha kuleta watoto chuoni. Hakuna aliyenitolea neno baya, walipungua tu, mmoja leo na mwingine kesho kutwa, mpaka nikawa nakaa barazani na mkeka mtupu. Ndani Mwanahawa alinitengea kikombe cha bati chenye ua jekundu. Alikuwa akikiosha mbali na vyombo vingine, na akikiosha alinipa mgongo nisimwone uso.

Siku niliyotema damu kwenye leso, binti yetu Zena, aliyeolewa pale Ruaruke, alisimamisha gari la mfanyabiashara wa mkaa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na magari ya watu binafsi yalikuwa yameanza kufika hata kwetu. Nilipanda juu ya magunia. Tulifika hospitali, kule juu upande wa Kibiti, nikiwa mweusi kama mzigo wenyewe.

Hapo ndipo nilipokutana na benchi. Utakutana nalo na wewe. Kila aliyekaa alikuwa na kikopo cha makohozi chenye kifuniko, amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa yai la kuatamia. Mama mmoja pembeni yangu akaniuliza, "Mzee, chako kimejaa?" Nikatikisa kichwa. Akasema, "Hata changu. Ukikitaka kikohozi hakiji, usipokitaka kinakumaliza." Akacheka mwenyewe. Nilipata faraja kwa maneno yale kuliko kwa lolote nililoambiwa na watu wangu mwaka ule.

Wakasema ni kifua kikuu, na kimepanda mpaka kooni. Nitalazwa, nitachomwa sindano kila asubuhi, kisha vidonge kwa miezi mingi. Daktari akaniinamia. "Na usiseme, mzee. Hata kunong'ona usinong'one. Kunong'ona kunalichosha koo kuliko kusema. Ukilipumzisha sauti inaweza kurudi. Usipolipumzisha, siahidi kitu." Wakanipa kibao cha shule na chaki. Miaka yote ile niliwapa watoto vibao. Sasa nilipewa mimi.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Mwalimu Festo, Mngoni wa Songea, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi huko Ngorongo. Alikuwa mrefu, mifupa mitupu, na kofia ya soksi ya sufu kichwani kwenye joto lile. Wangoni na sisi Wandengereko ni watani tangu mababu, kwa hiyo hakunipa hata salamu.

"Sista," alimwambia nesi, "mmeniletea Mndengereko? Huyu atamaliza wali wa wodi nzima."

Nikaandika kwenye kibao: "Mlikuja kuteka watu, mmetekwa na homa."

Alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, nesi akaja mbio. Kuanzia hapo tukawa ndugu.

Festo alikuwa na jambo lake. Alikuwa amekata boksi la chupa za dripu, akalilaza mapajani, akachora juu yake nchi isiyokuwepo. Katikati ulipita mto wenye midomo mingi, kama wetu, na kando ya mto vijiji, kila kijiji ndani ya mraba. Alitaka kuwapelekea wanafunzi wake mchezo. Nchi ile, alisema, ina miungu inayopingana. Yuko Furiko mwenye maji, na adui yake Kaukau mwenye kiangazi. Yuko Vumo mwenye ngoma na makelele, na adui yake Zii mwenye kimya. Unarusha maganda ya korosho, unahesabu yaliyolala kifudifudi, unawasogeza. Watu wa nchi ile walikuwa kete za komwe, zile mbegu za kijivu tunazochezea bao.

"Nimekwama kwenye majina, mtani," alisema. "Na mwandiko. Watoto wangu kule wanazijua herufi zako za chuoni kabla ya herufi zangu. Ukiniandikia wewe, hata wale wazito watasoma. Niandikie miungu."

Nilikaa na jambo hilo mpaka sala mbili zikapita. Mtu aliyeishi kwa tauhidi maisha yake yote haandiki miungu, hata ya boksi. Baadaye niliandika kwenye kibao masharti yangu. Neno "mungu" lisiandikwe, tuwaite wakubwa. Nitaandika majina yao tu, ambayo ni maneno ya kawaida ya maji na jua. Asiapiwe hata mmoja, hata kwa mzaha. Na mimi sitamchezea mkubwa yeyote, nitawachezea watu.

"Watu?" Festo akashangaa. "Watu hawana nguvu yoyote humu ndani."

Nikaandika: "Ndiyo."

Upande mmoja wa wakubwa, wa Furiko na Vumo, yeye aliuandika kwa biro ya bluu. Upande wa pili ulitakiwa rangi nyingine, na dukani, langoni mwa hospitali, tukapata kipakiti cha rangi ya pilau. Nilichonga kijiti nikaandika kama ninavyojua kuandika, kwa mkono uliotulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu kipupwe. Kaukau na Zii walikuwa wekundu. Tulivikata vikaratasi vingi vya kila mmoja, tukavianika dirishani.

Mchezo wa kwanza watu wangu waliisha mapema. Kila wakubwa wawili walipokutana kwenye mraba mmoja, kijiji kilikwenda na watu wake. Tukapanga upya, wakaisha tena. Festo akakuna soksi yake.

"Hii dunia haidumu, mtani. Kila nikiipanga inakufa."

Nikaandika: "Ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Wenye amri wakiwa wengi, mbingu na ardhi hazisimami."

"Kwa hiyo mchezo wangu mwenyewe unanihubiria?"

"Wewe ndiye unayehubiri. Mimi sina sauti."

Ili dunia yake isimame kidogo alinipa kanuni moja niwatungie watu wangu. Nikatunga hii: komwe akikaa zamu nzima bila kwenda popote, hakuna mkubwa anayemgusa. "Mchezo gani wa kukaa?" akalalamika. Nikamwonyesha kwa kidole wodi yetu: vitanda, vikopo, wanaume waliotazama dari. Akasema, "Haya. Kanuni ya kungoja."

Mwanahawa alikuja kunitazama kabla ya mwezi wa Ramadhani, na Zena akimwongoza. Hakuwa amezoea kuniona bila neno. Festo akajitwika kazi ya kunisomea kibao, naye hakuwa mtu wa kusoma kilichoandikwa. Nikiandika, "Mbegu zimepandwa?" yeye alisoma, "Anasema tangu akuache halali, na wewe ni ua la bustani." Mwanahawa akaziba uso kwa ncha ya khanga.

"Mume wangu hajasema maneno hayo tangu anioe," alisema.

"Alikuwa anayaweka akiba, mama."

Nilifuta kibao kwa kiganja, nikaandika kwa herufi kubwa: "Sikusema." Festo akasoma, "Anasema ni kweli kabisa." Zena, ambaye anajua kusoma, alicheka mpaka akakaa chini. Mwanahawa hajui kusoma. Anazijua herufi za chuo kwa sura zake tu, kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani asiyoingia.

Wakati naitwa kwenda kupimwa uzito, Festo alikuwa amepitiwa na usingizi na Zena amekwenda kuchota maji. Niliporudi Mwanahawa alikuwa ameshafunga mzigo wake, tayari kuwahi gari. Jioni ile tulipotaka kucheza, tukaona dirishani pana upungufu. Kaukau kadhaa hawapo, na Zii karibu wote. Tukasema ni upepo. Festo akasema Zii ametoroka kwa sababu wodi ina makelele. Tukaandika wengine.

Ramadhani iliniingia kitandani. Nilikuwa nasikia adhana ya magharibi kutoka mjini, watu wanafuturu, na mimi nilishapewa uji tangu mchana pamoja na vidonge. Dini imempa mgonjwa ruhusa, nami nimeifundisha ruhusa hiyo kwa miaka mingi. Kuifundisha na kuitumia ni vitu viwili. Nilikunywa uji nimegeukia ukutani. Siku moja nesi akaona, akaja akaniwekea pazia la shuka kuzunguka kitanda, hakusema kwa nini. Mwenyezi Mungu amlipe.

Masika ikashika. Idd ikapita. Zena akafika peke yake, magoti yana matope, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba, mama anakohoa."

Nilikaa kitako.

"Tangu kabla ya Ramadhani. Alikuficha siku ile alipokuja. Amekonda. Usiku anatoa jasho mpaka mkeka unalowa." Akashusha sauti kama anayenipa habari njema. "Lakini ametulia. Anasema umemwandikia kombe."

Niliandika: "Kombe gani?"

"Zile karatasi zenye mwandiko mwekundu. Anasema alizikuta zimeanikwa dirishani, akajua umemwona anavyokohoa na umemwandikia kimyakimya, kwa kuwa huwezi kusema. Kila Ijumaa anaosha moja. Nikimwambia twende hospitali anasema dawa yake anayo."

Festo akageuka kulitazama dirisha. Mimi nilihisi kitanda kinashuka. Mwanamke aliyeswali nyuma yangu tangu ujana wetu alikuwa akisema bismillahi na kunywa Kaukau. Alikuwa akinywa rangi ya pilau, anaomba shifaa, na kifua chake kinaliwa. Nilifungua kinywa nipige kelele. Unajua kilichotoka.

Niliandika mpaka chaki ikakatika: "Si kombe. Hazina aya. Ni mchezo wa Mwalimu. Aje apimwe." Zena akasoma mara mbili, akafunika uso, akaondoka siku ile ile.

Hakurudi haraka. Mvua ilikata barabara, mto ulikuwa umefura, na kila aliyetoka upande wetu alisema hapapitiki. Nilimwomba daktari, kwa kibao, aniruhusu niende mwenyewe. Akakataa, na alikuwa na haki. Nesi akasema, "Mzee, ukienda sasa mtarudi mmebebwa wawili." Kila asubuhi nilipokea sindano yangu, na kila nilipoipokea nilimfikiria asiye na sindano. Nilikuwa nanenepa. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko mengine: nilikuwa nanenepa. Mizani ya wodi ilipanda, na manesi wakanipongeza.

Zena alipofika tena alikuwa amekasirika.

"Hakubali! Nilimfuata mpaka shambani, yuko juu ya dungu, analinda mpunga. Nikamwambia, baba amesema si kombe. Akaniambia, 'Baba yako amesema? Kwa kinywa chake?' Nikasema ameandika. Akasema, 'Maneno ya kuletewa siyataki. Yule Mngoni wenu alinisomea kwamba mimi ni ua la bustani. Leo mnanisomea kwamba mume wangu, mwalimu wa chuo, anaandika mchezo kwa herufi za dini. Umetumwa na manesi.' Na baba, alikuwa na sababu. Nani angeamini?"

Festo akatazama miguu yake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Mimi ndiye niliyelitia chumvi lile neno," alisema. "Amekataa chumvi yangu."

Boksi lilikuwa kati yetu, na watu wangu wa komwe wamekaa kwenye miraba yao, salama kwa kanuni yangu. Subira nimeifundisha maisha yangu yote, na bado naifundisha. Lakini kukaa pale huku mwenzangu anakunywa rangi hakukuwa subira. Nilizikumba komwe zote nikazitia kwenye kile kikombe changu cha bati, nilichokuja nacho kutoka nyumbani.

Festo akainama chini ya kitanda akatoa redio yake ya kaseti. Alikuwa na kaseti moja tu, ya kwaya ya kanisa la kwao, ambayo alikuwa akiisikiliza kwa sauti ndogo kila Jumapili.

"Mama anataka kinywa chake," alisema. "Basi tumpelekee kinywa."

Nesi alikuwa mlangoni na sinia la dawa. "Mwalimu, unajua daktari alivyosema. Mzee akinong'ona anaweza kuipoteza sauti moja kwa moja."

Niliandika kwenye kibao, nikamwinulia: "Ni yangu."

Alikisoma. Kisha akaenda dirishani akatupa mgongo, akaanza kupanga vichupa vilivyokuwa vimeshapangwa.

Festo akabonyeza, akasema kwa sauti ya darasani: "Mama, shikamoo. Mimi ni yule Mngoni mwongo. Sasa nanyamaza." Akanisogezea redio mpaka ikanigusa midomo.

Nilinong'ona. Kila neno lilipita kama mwiba wa samaki. "Mwanahawa. Hizo karatasi si kombe. Hazina dua. Ni mchezo. Unakumbuka nililojiandikia mwenyewe, ukanishikia kikombe? Lile lilikuwa kombe, na bado niko huku. Shifaa anaitoa Yeye, na kwangu ameipitishia kwenye sindano. Njoo. Nakuomba njoo." Nilitaka kusema zaidi, kikohozi kikanikamata, kirefu, na Festo akakiacha chote kiingie kwenye mkanda kabla hajabonyeza tena.

Zena akaifunga redio kwenye khanga na mfuko wa nailoni. Yaliyofuata sikuyaona. Nayasema kama alivyonisimulia.

Alimkuta mama yake juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tunachojenga katikati ya mpunga, anavuta kamba ya madebe kufukuza ndege. Akapanda ngazi, akabonyeza redio. Festo akasema yake. Kisha ukaja mnong'ono, na Mwanahawa akakunja uso.

"Nani huyo?"

"Baba."

"Huyo si baba yako. Nimeishi na sauti ya baba yako, inavuka mto. Huyo ni nani mnayemfanya baba yako?"

Zena alitaka kulia. Mnong'ono ukaendelea mpaka kwenye kuomba, ukafika kwenye kikohozi. Mwanahawa akainua mkono Zena anyamaze. Kile kikohozi kina mahali kinapokatika katikati, kama mtu anayejikwaa kizingitini, kisha kinamalizia kwa chini. Alikuwa amelala kando yake misimu mitatu.

"Sauti siijui," akasema. "Lakini hicho kikohozi nakijua."

Hapo hapo mkanda ukapita mahali pangu, na kwaya ikafumka shambani kwa nguvu zote, wanaume kwa wanawake. Ndege wote waliokuwa kwenye mpunga wakaruka. Mwanahawa akashika kichwa.

"Zena! Wamembatiza?"

Walikuja kwa miguu mpaka maji yalipoishia, kisha kwa trekta lililokuwa likivuta magogo. Aliingia wodini amejifunika khanga mpaka puani. Alinitazama nilivyonenepa, nami nilimtazama alivyobaki. Akafungua pindo la khanga, akatoa kikaratasi kimoja kilichosalia, akamtupia Festo kitandani.

"Mwalimu, shika mtu wako."

Festo akakigeuza. "Zii," akasema. "Samahani, mama."

Mwanahawa alikaa kwenye benchi lile lile, na kikopo kile kile. Majibu yalipokuja, anao ugonjwa. Sikujua nishukuru au nilie. Nilifanya yote mawili nyuma ya pazia la nesi. Ukifika hapo usijilazimishe kuchagua.

Wodi ya wanawake ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nikilala na sikio upande ule. Nilikitofautisha kikohozi chake na vya wengine wote, na wiki baada ya wiki nilikisikia kikipungua, kikiwa kifupi, kikikosa siku nzima. Hakuna nilichoweza kumfanyia isipokuwa kusikiliza, na nilisikiliza kwa bidii kama niliyosikilizia masomo yangu ujanani.

Festo hakunenepa. Alikuwa na maradhi mengine chini ya haya, ambayo wakati ule watu waliyataja kwa kugeuza uso. Mpunga ulipoanza kukatwa, ndugu zake walikuja kumchukua wampeleke Songea. Walimbeba kwa shuka mpaka garini. Alikuwa mwepesi, na bado alikuwa akinitukana.

"Wakubwa naondoka nao," alisema, boksi liko kifuani mwake. "Nawe Mndengereko baki na watu wako. Uwatunze."

Nilitaka kumjibu kama mtani anavyopaswa kumjibu mwenzake anayeondoka. Kibao kilikuwa kitandani. Nilimshika mguu tu, kupitia shuka, mpaka gari lilipotikisika. Sikupata habari zake tena. Niliuliza kwa watu wa Ngorongo, wakasema shule ilipewa mwalimu mwingine. Namwombea kwa jina lake, na Mwenye rehema anajua pa kuipeleka dua hiyo.

Sisi tulimaliza vidonge nyumbani, mimi kwanza, yeye baada yangu, korosho zilipokuwa zikidondoka. Kikombe chenye ua jekundu tuliacha kukitenga. Sauti ilirudi nusu. Daktari hakuweza kusema ile nusu nyingine iliondoka na ugonjwa au na kaseti, nami sikumuuliza mara ya pili. Inatosha kujaza chumba, haitoshi kujaza kijiji. Yule aliyenimalizia adhana ndiye muadhini wetu hadi leo, na watoto wa chuo wamejifunza kukaa karibu ili wanisikie. Nadhani wanasoma vizuri zaidi.

Komwe za Festo zimo kwenye kile kikombe, juu ya rafu, pamoja na vyombo vingine. Juzi Mwanahawa alizishusha akifuta vumbi.

"Hivi yule niliyemnywa zaidi alikuwa nani?" akauliza.

"Zii. Mwenye kimya."

Akafikiri. "Basi kweli hakuwa na nguvu yoyote," akasema, akaendelea na maneno yake mpaka jikoni.

Akiwa kule kwenye kuni mbichi, nikamsikia akikohoa. Niliacha nilichokuwa nikikifanya, nikakaa kimya, mkono juu ya ukurasa. Naye kule jikoni alinyamaza, maana anajua kwamba nasikiliza. Tulikaa hivyo, kila mtu upande wake wa ukuta.

Kisha akaita, "Moshi tu!"

Nikasema alhamdulillahi, kwa sauti niliyonayo, nikarudi kusoma.